Viza ya mwanafunzi ya Uingereza: panga tarehe kabla ya kugusa fomu

Mtu amepata udahili, ukoo umechangishana, dua imeshasomwa, kisha viza inakataliwa kwa sababu salio la benki lilishuka kwa siku moja tu. Visa vya namna hii vipo. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye tarehe na fedha, na muda mchache kwenye fomu yenyewe, ambayo mtu makini huimaliza kwa jioni moja au mbili.

Viza hii hutolewa kwa pointi, na unahitaji 70. Hamsini zinatokana na udahili wa chuo kilichosajiliwa kupokea wanafunzi wa kigeni, kumi ni za fedha, kumi ni za lugha ya Kiingereza. Afisa anayesoma maombi yako hatafuti mwanafunzi bora. Anataka kuona masharti yametimia siku uliyotuma maombi, na kwamba kweli unakwenda kusoma.

Maelezo haya ni ya aliye Tanzania, Kenya au nchi jirani, anayekwenda kusoma shahada ya kwanza au ya uzamili. Kozi isiyozidi miezi sita kwa kawaida husomwa kwa viza ya mgeni, na hiyo ni habari nyingine. Viwango vya fedha nilivyoviandika vinafuata mabadiliko ya mwaka 2025. Serikali yao hupenda kupandisha ada kila Aprili, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote hakikisha kiwango kwenye tovuti ya gov.uk, si kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya kwanza: majina yako yafanane

Pasipoti na cheti cha kuzaliwa ndivyo vya kushughulikia mapema, hata kabla ya kuomba chuo. Pasipoti kila mtu anaijua. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachosahaulika, na kama fedha zitatoka kwenye akaunti ya mzazi, bila cheti hicho huna namna ya kuthibitisha kwamba huyo ni mzazi wako.

Sasa tazama majina. Kwetu ni kawaida baba akawa Hamisi Juma kwenye cheti chako, Hamisi J. Mwinyi kwenye kitambulisho cha taifa, na Mwinyi Hamisi Juma benki. Nyumbani hilo halimsumbui mtu. Kwa afisa aliye Uingereza hao wanaweza kuwa watu watatu. Rekebisha kinachorekebishika: kwa Tanzania Bara vyeti viko RITA, Zanzibar kuna wakala wake wa usajili wa matukio ya kijamii, Kenya huduma nyingi zinaanzia eCitizen. Kisichorekebishika kwa wakati kiapiwe mbele ya wakili au hakimu, na hati hiyo ya kiapo uiambatishe.

Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili kinahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza. Mtafsiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, sahihi yake na namna ya kumpata. Usijitafsirie mwenyewe hata kama Kiingereza chako kinatiririka.

Hatua ya pili: udahili, halafu CAS

Barua ya udahili si tiketi ya kuombea viza. Unachohitaji ni CAS, namba ya uthibitisho ambayo chuo huitoa kwenye mfumo wa serikali baada ya wewe kukubali nafasi, kutimiza masharti yote na, kwa vyuo vingi, kulipa amana ya ada. Barua inaweza kufika Februari na CAS ikaja Juni au Julai.

Siku hizi vyuo vinakuhoji vyenyewe kabla ya kuitoa. Vinataka taarifa ya benki, vinakuita kwenye mahojiano ya video, vinauliza maswali ambayo ungeyategemea ubalozini. Usidhani wamekushuku wewe binafsi. Hadi mwaka 2025 chuo chenye leseni hakikuruhusiwa kufikisha asilimia 10 ya wanafunzi wake kukataliwa viza, na mwaka huo serikali ilitangaza nia ya kuubana zaidi mpaka huo. Kila anayekataliwa anaisogeza leseni yao kwenye hatari. Kwa hiyo chuo kikisema taarifa yako ya benki haijakaa sawa, kisikilize. Kimekufanyia ukaguzi wa bure.

CAS ikifika, isome mstari kwa mstari. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na kumaliza kozi ziwe sahihi, na kiasi cha ada ulicholipa kiwe kimeandikwa. Hilo la mwisho lina uzito wa pesa: ada iliyolipwa bila kuonekana kwenye CAS italazimu uanze kuitetea kwa risiti. Waandikie warekebishe kabla hujatuma maombi. CAS hutumika mara moja tu, na ndani ya miezi sita tangu itolewe.

Pointi za Kiingereza kwa wengi humalizikia hapa. Kwa ngazi ya shahada, chuo kikuu chenyewe kinaweza kukupima na kuandika kwenye CAS kwamba umefikia kiwango cha B2. Vyuo vingi hukubali alama ya Kiingereza ya mtihani wa sekondari kwa ajili hiyo. Waulize kwanza kabla ya kukimbilia kulipia mtihani wa IELTS.

Kwa wanaokwenda kusoma uzamili au utafiti katika baadhi ya fani za sayansi na uhandisi, kuna kibali cha ziada kiitwacho ATAS. Watanzania na Wakenya hawajasamehewa. Hakilipiwi, lakini majibu huchukua siku 30 za kazi au zaidi, na bila hicho maombi ya viza hayasogei. Chuo kitakwambia kama kozi yako inahusika. Kisipokwambia, uliza.

Hatua ya tatu: fedha, ambako ndiko watu huanguka

Unatakiwa kuonyesha vitu viwili kwa pamoja: ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki kulipwa, na gharama za kuishi kwa miezi ya kozi, isiyozidi tisa. Tangu Novemba 2025 gharama za kuishi ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London, na pauni 1,171 ukisoma nje ya London. Kwa miezi tisa hiyo ni pauni 13,761 na pauni 10,539. Angalia mahali utakaposomea, si jina la chuo. Kuna vyuo vya miji mingine vyenye matawi London, na anayesoma tawi la London anahesabiwa kwa bei ya London.

Chukua mfano. Ada ni pauni 18,000, umeshalipa 5,000 na CAS inaonyesha hivyo, chuo kiko nje ya London. Umebakiwa na 13,000 za ada, ongeza 10,539, jumla pauni 23,539. Hicho ndicho kiwango ambacho salio halitakiwi kushuka chini yake.

Kwa muda gani? Siku 28 mfululizo. Si wastani wa siku 28, wala si kuwa nacho mwanzoni na mwishoni. Kila siku moja kati ya hizo, salio liwe sawa au zaidi. Ukitoa laki mbili siku ya 19 ukazirudisha siku ya 20, na kwa siku hiyo moja ukawa chini ya kiwango, hesabu imevunjika na unaanza upya. Na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita siku 31 kabla ya tarehe unayolipia maombi.

Tuseme kozi inaanza tarehe 21 Septemba 2026. Fedha zote zinaingia tarehe 1 Juni. Siku 28 zinatimia tarehe 28 Juni. Unachukua taarifa ya benki tarehe 29, na kuanzia hapo una mwezi mmoja tu wa kutuma maombi. CAS ikichelewa hadi Agosti, usitumie taarifa ile ya Juni. Ziache fedha zilipo, uchukue taarifa mpya. Ndiyo maana mwenye busara haondoi fedha hizo hadi viza itoke. Afisa anaweza kukagua akaunti hata baada ya kupokea maombi.

Usiweke kiasi kamili kilichotakiwa. Akaunti zetu ni za shilingi, na Uingereza watabadili kwa kiwango cha OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilishia fedha, cha siku uliyoomba, si cha duka la fedha la Kariakoo. Shilingi ikiyumba kidogo tu, pungufu ya pauni 40 inatosha kukukatalia. Acha nafasi ya asilimia tano hadi kumi. Makato ya benki ya mwezi nayo huja bila hodi.

Halafu suala la akaunti ni ya nani. Zinazokubalika ni akaunti yako, au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Mjomba hayumo. Shangazi hayumo, hata kama ndiye aliyekulea na kukusomesha tangu chekechea, isipokuwa awe na hati ya ulezi. Sheria yao haijui ukoo. Kama mjomba ndiye mwenye fedha, azihamishie kwenye akaunti yako au ya mzazi wako, na siku 28 zinaanza kuhesabika siku kiwango kinapotimia humo. Vivyo hivyo kwa michango ya harambee: mchango wa mwisho ukiingia tarehe 15, hesabu inaanza tarehe 15. Kamati ya ukoo iambiwe hilo mapema, kwa maana ahadi za michango kwetu zina tabia ya kutimia usiku wa mwisho.

Hati ya kiwanja, gari, hisa na bima ya maisha havihesabiwi. Fedha za biashara ya baba zihamishiwe kwenye akaunti yake binafsi. Akiba ya SACCOS au iliyo kwenye simu, ihamishie benki ya kawaida mapema kuliko kuanza kubishana juu yake. Kiasi kikubwa kikiingia ghafla, weka karatasi inayoeleza kilikotoka: mkataba wa mauzo ya shamba, barua ya kiinua mgongo, uthibitisho wa mkopo. Huenda wasiulize, lakini swali hilo likija kwenye mahojiano, jibu la "familia imechanga" bila karatasi ni jibu jepesi.

Ukitumia akaunti ya mzazi, ambatisha cheti chako cha kuzaliwa na barua fupi ya mzazi iliyosainiwa, inayotaja uhusiano wenu na kwamba anaridhia fedha hizo zitumike kwa masomo yako. Aliyepata ufadhili kamili wa serikali au wa mipango kama Chevening na Commonwealth anaonyesha barua ya mfadhili, na habari ya siku 28 haimhusu. Mwenye ufadhili wa nusu ataonyesha nusu iliyobaki kwa masharti yaleyale.

Hatua ya nne: kipimo cha kifua kikuu

Nchi zote za Afrika Mashariki zimo kwenye orodha ya wanaotakiwa kupimwa kwa kukaa zaidi ya miezi sita. Kipimo lazima kifanyike kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza. Nairobi na Dar es Salaam huendeshwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Cheti cha hospitali ya mkoa, hata kiwe na mihuri mitano, hakifai.

Wengi hupigwa picha ya kifua na kupewa cheti chenye uhai wa miezi sita. Ila picha ikionyesha kivuli chochote, hata kovu la nimonia ya zamani, utatakiwa kutoa makohozi, na majibu ya kuyaotesha maabara huchukua hadi wiki nane. Mtu aliyepanga kipimo Agosti kwa kozi ya Septemba ndiyo ameshakosa muhula. Nenda Mei au Juni. Mjamzito awaambie kliniki kabla ya picha, kuna utaratibu wake.

Hatua ya tano: fomu na malipo

Fomu hujazwa mtandaoni, na unaweza kuituma kuanzia miezi sita kabla ya kozi. Tumia barua pepe yako mwenyewe na nenosiri unalolijua wewe. Wakala akitaka kukujazia kwa barua pepe yake, mkatalie kwa upole au kwa ukali, vyovyote. Atakachoandika humo kinahesabika umeandika wewe. Nyaraka moja ya kughushi ikigundulika, adhabu ni kufungiwa miaka kumi, na anayefungiwa ni mwenye pasipoti. Anayekuuzia "viza ya uhakika" hana uhakika wowote wa kuuza, kwa kuwa uamuzi hauko mikononi mwake.

Jibu kwa ukweli swali la viza ulizowahi kunyimwa, za nchi yoyote. Kunyimwa zamani hakukuzuii. Kuficha ndiko kunakoua maombi.

Ada ya viza ilipandishwa hadi pauni 524 Aprili 2025. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa mwanafunzi. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hupewa viza inayozidi mwaka, hivyo unalipia mwaka na nusu: pauni 1,164. Kwa viwango hivyo vya 2025, viza na tozo vilikuwa pauni 1,688, na hizi ziko nje ya zile fedha za siku 28. Ukizilipa kutoka akaunti ileile, hakikisha salio halivuki mstari.

Malipo ni kwa kadi, tena kwa mkupuo. Kadi nyingi za benki zetu zina ukomo wa matumizi ya mtandaoni kwa siku. Piga simu benki siku mbili kabla wakuongezee ukomo, vinginevyo malipo yatagoma usiku wa manane na benki imefungwa.

Kuhusu familia: tangu Januari 2024, mwenza na watoto wanaruhusiwa kuambatana na mwanafunzi wa udaktari wa falsafa au uzamili wa utafiti, pamoja na waliofadhiliwa na serikali. Uzamili wa kawaida wa madarasani haumo. Yeyote anayekuambia umchukue mkeo kama tegemezi kwa kozi hiyo hajasoma sheria.

Hatua ya sita: alama za vidole, na pengine mahojiano

Baada ya kulipa unachagua siku ya kwenda kituo cha kupokea maombi kwa alama za vidole na picha. Pandisha nyaraka mwenyewe kwenye mfumo kabla ya siku hiyo, zikiwa picha safi zisizokatwa pembe. Kituoni watakupandishia pia, kwa malipo. Wahudumu wa pale hawaamui chochote, kwa hiyo huna haja ya kuwaeleza historia ya maisha yako.

Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki tatu. Kuna huduma ya siku tano za kazi kwa nyongeza ya pauni 500. Kwa aliyepanga tarehe zake vizuri, fedha hizo ni bora zinunue koti.

Baadhi ya waombaji huitwa kwenye mahojiano ya video, na maswali yake yanatabirika. Kwa nini chuo hiki na si kingine? Moduli zake ni zipi? Inakuwaje mwenye shahada ya ualimu anakwenda kusoma usimamizi wa mitandao? Ada ni kiasi gani, nani analipa, anafanya kazi gani? Utaishi wapi, kodi ni kiasi gani kwa wiki? Ukimaliza utafanya nini?

Jibu kama unavyomweleza mtu mzima anayekujali. Taja majina ya moduli mbili tatu na sababu yako ya kuzitaka. Taja chuo kingine ulichokifikiria na kwa nini ulikiacha. Majibu ya kukariri hujulikana mara moja, maana huanza na sifa za Uingereza kwa jumla: elimu bora, nchi ya amani, watu wa tamaduni mbalimbali. Hayo hayamwambii afisa lolote kukuhusu wewe. Usiposikia swali, omba lirudiwe.

Jibu likiwa ni hapana

Barua itataja sababu, na kila sababu ina namna yake. Kama afisa amekosea, kwa mfano ameruka karatasi uliyoiweka, unaweza kuomba mapitio ya kiutawala ndani ya siku 28 kwa pauni 80. Mapitio huangalia kilichokuwepo mezani, si nyaraka mpya. Kama kosa ni lako, mapitio ni kupoteza muda. Omba upya, na kwa sababu CAS ya kwanza imeshatumika, utahitaji nyingine, ambayo chuo hakilazimiki kukupa. Waandikie siku hiyohiyo, wapelekee barua ya kukataliwa yote, usichague kurasa. Tozo ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi.

Jibu likiwa ni ndiyo

Tangu Julai 2025, stika kwenye pasipoti imeondolewa kwa wanafunzi wengi, viza sasa ni ya kielektroniki. Fungua akaunti ya UKVI, yaani idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, hakikisha imeunganishwa na pasipoti utakayosafiria, kisha soma tarehe na masharti. Kosa lolote la jina liripoti kabla ya kupanda ndege, kwa kuwa shirika la ndege linakagua mfumo huohuo. Angalia pia tarehe ambayo viza inaanza. Ukitua siku moja kabla yake, utarudishwa.

Ukifika, jisajili chuoni mara moja, kisha kwa daktari wa mtaani kwako, kwani tozo ya afya umeshailipa. Mwenye nyumba na mwajiri watakuomba namba ya kushirikisha hadhi yako (share code, si nenosiri lako), unaitoa kwenye akaunti ileile ya UKVI. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa kazi za saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki ni Jumatatu hadi Jumapili. Kujiajiri hakuruhusiwi, na hapo ndipo kazi ya kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu inapowaponza vijana wengi: wengi wa wasambazaji hao huhesabiwa kuwa wamejiajiri, hata kama ni saa tano tu kwa wiki. Na ukibadilisha pasipoti ukiwa huko, ingiza namba mpya kwenye akaunti kabla hujakata tiketi ya kurudi likizo.